Mhanga wa Malkia

Katika sataranji, malkia ndiye mwenye nguvu kupita kete zote, na mchezaji humhifadhi kama mtu ahifadhivyo mboni ya jicho lake. Mchezaji akimtoa malkia huyo kwa hiari yake, watazamaji hudhani kuwa amekosea au amepagawa. Walakini historia ya mchezo huu inalo tukio moja lionyeshalo kuwa ujasiri wa kweli ni ndugu wa hesabu, wala si ndugu wa wazimu.

Tukio hilo lilitokea Oktoba 1912 katika Klabu ya Sataranji ya Jiji la London. Edward Lasker, mhandisi Mjerumani wa miaka 26, alikuwa mgeni mjini, na lugha ya Kiingereza ilikuwa haijamkaa ulimini. Alikutanishwa na George Alan Thomas, mwenye miaka 31, mmoja wa wachezaji hodari wa klabu ile. Hayakuwa mashindano, hapakuwa na kikombe wala fedha. Kilichowekwa mezani kilikuwa heshima tu: heshima ya mgeni kwa wenyeji wake, na heshima ya mwenyeji mbele ya wenziwe.

Lasker alishika kete nyeupe. Katika hatua ya 10 alimpeleka malkia wake kumtisha mfalme mweusi, aliyekuwa amejisitiri nyuma ya askari wake. Thomas akamsogeza malkia wake nyumba moja tu, ili njia ikifunguka apate kuulinda mlango wa mfalme. Ulikuwa ulinzi wa busara, na ungalitosha kwa adui wa kawaida.

Ndipo Lasker alipomtoa malkia. Alimla askari aliyesimama mlangoni, na mfalme hakuwa na budi kumla malkia. Mara farasi mweupe akaruka, akamla askofu mweusi, na kwa mruko huo huo akamfungulia njia askofu wa upande wake. Mfalme akashambuliwa na wawili kwa pigo moja. Kama angalirudi pembeni, farasi wa pili angalimmaliza papo hapo. Ikamlazimu kutoka mbele, kuelekea kwa adui zake.

Tangu hapo mfalme mweusi alifukuzwa kutoka mwisho wa ubao mpaka mwisho wa pili. Katika hatua 7 mfululizo Thomas hakuweza kugusa kete nyingine ila mfalme. Malkia wake na ngome zake mbili walikuwa wazima, lakini hawakuwa na msaada wowote. Katika hatua ya 18 mfalme mweupe alisogea nyumba moja, akaifungulia njia ngome iliyokaa kimya tangu mwanzo wa mchezo. Na mfalme mweusi akafa katika safu ya nyuma ya adui.

Wachunguzi wa baadaye walionyesha kuwa ilikuwapo njia iliyo fupi kwa hatua moja. Ugunduzi huo haupunguzi sifa ya Lasker. Kamari humwachia adui nafasi ya kuchagua. Mhanga huu haukumwachia Thomas nafasi hata moja ya kuokoka. Ujasiri wake ulikuwa katika kuiamini hesabu yake, kwani kama kiungo kimoja tu cha mnyororo ule kingalikatika, mgeni angaliaibika mbele ya wenyeji bila malkia na bila udhuru.

Lakini sifa za siku ile hazikuwa za mshindi peke yake. Lasker alisimulia baadaye kuwa Thomas, baada ya kushindwa, alimwambia kwa upole kuwa mchezo ule ulikuwa mzuri sana. Ilibidi maneno hayo atafsiriwe, nayo yakamgusa moyo, kwa maana katika mikahawa ya Berlin alizoea kuwasikia walioshindwa wakisema kuwa mwenzao amebahatika tu.

Mwaka 1914 Lasker alihamia Marekani. Thomas alikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1923, na tena mwaka 1934; na katika mchezo wa badiminton jina lake lingali katika Kombe la Thomas. Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Mmoja alimtoa malkia wake, mwingine akaitoa fahari yake. Na mhanga huu wa pili haukuwa mwepesi kuliko ule wa kwanza.