Mkataba wa Gisenyi na Mto Ruzizi

Tunapotaja mpaka kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, mara nyingi tunataja vita. Ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana. Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambayo wazee wetu huiita kwa herufi zake za Kifaransa tu, CEPGL.

Ofisi ziligawanywa ili asiwepo wa kunung’unika: sekretarieti Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, ofisi ya nishati Bujumbura, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo Gitega. Lakini ukisoma malengo ya mkataba, la kwanza ni usalama wa dola na raia wake. Safari na biashara za watu zinafuata nyuma. Kwa maoni yangu udhaifu ulikuwa hapo. Jumuiya ilitegemea maelewano ya wakuu watatu, na maelewano hayo yalipotoweka, ofisi zilibaki kuta. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, kisha vita vya 1996 na 1998, shughuli zake zilisimama. Mwaka 2007 zilifufuliwa, lakini kwa pumzi fupi.

Hata hivyo, tunda moja la jumuiya hiyo halikuanguka. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unashuka hadi Tanganyika, na kwa sehemu kubwa mto wenyewe ndio mpaka. Mwaka 1983 nchi hizo tatu ziliunda SINELAC, kampuni ya umeme yenye makao yake Bukavu, kila nchi ikiwa na hisa sawa na mwenzake. Mitambo yake, Ruzizi II, ilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake huuzwa kwa mashirika ya umeme ya nchi zote tatu.

Kampuni hii haikuvunjwa hata katika miaka ambayo mabalozi hawakuwa wakisemezana. Sidhani kwamba viongozi wake walikuwa watakatifu kuliko wengine. Atakayewazimia wenzake taa, naye atakaa gizani. Hilo kila upande ulilielewa bila kuhubiriwa.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Mashirika yanayonunua umeme huo yamechelewa sana kulipa madeni yao, na kampuni isiyolipwa hukosa fedha za kutengeneza mashine. Tena kuna adui asiyevaa sare: chupa na mifuko ya plastiki. Mvua inaposhuka milimani, takataka za miji ya kandokando ya Kivu huingia ziwani, zikafuata mkondo hadi kwenye mabwawa ya Ruzizi na kuziba njia ya maji. Chupa iliyotupwa mtaroni huko Bukavu inaweza kushiriki kuzima taa ya mwanafunzi wa Bujumbura, naye hatajua kamwe ilitoka kwa nani.