Dhoruba za radi angani: kati ya rubani na mwongoza ndege

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei mwaka 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilikuwa ikijiandaa kuondoka Douala, nchini Cameroon, kuelekea Nairobi. Mvua kubwa ya radi ilikuwa imechelewesha safari. Kabla ya kuruka, marubani waliomba kwa redio waende kushoto kidogo ya mwelekeo wa njia ya kurukia, ili wakwepe hali mbaya ya hewa iliyokuwa mbele.

Baada ya kupaa, katika giza totoro, ndege ilianza kuinama polepole upande wa kulia. Muda mfupi baadaye ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, na watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kuwa marubani walipoteza udhibiti wa ndege bila kufuatilia vipimo vyao, huku kukiwa na mkanganyiko kuhusu matumizi ya mtambo wa kujiendesha. Kukwepa dhoruba ni kazi ya kila siku, lakini ni kazi inayokula fikra za rubani.

Ombi kama lile la Douala husikika kwenye redio za anga duniani kote. Kupita juu ya dhoruba mara nyingi haiwezekani. Jeti nyingi za abiria huruka kati ya futi 30,000 na 41,000, ilhali vilele vya mawingu ya radi katika ukanda wa Ikweta huweza kupita futi 50,000. Ndani ya wingu mna mikondo mikali ya hewa inayopanda na kushuka, barafu na mvua ya mawe. Kwa hiyo rubani huzunguka, na ushauri unaotumika sana ni kukaa umbali wa maili 20 au zaidi kutoka dhoruba kali.

Rada mbili

Rada iliyo puani mwa ndege huonyesha mvua iliyo mbele. Matone ya maji hurudisha mawimbi yake vizuri, lakini barafu kavu iliyo juu ya wingu huyarudisha kwa udhaifu, hivyo sehemu ya hatari huweza kuonekana hafifu. Tena, mvua nzito hufyonza mawimbi hayo, na kilicho nyuma yake hakionekani kabisa.

Kasoro hiyo ilijulikana kwa gharama kubwa tarehe 4 Aprili mwaka 1977, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Marubani wa ndege ya Southern Airways aina ya DC-9, wakitegemea rada yao, waliingia katika dhoruba kali. Injini zote mbili zilimeza maji na mvua ya mawe, zikazima. Walijaribu kutua barabarani. Watu 72 walikufa, wakiwemo 9 waliokuwa ardhini.

Mwongoza ndege naye ana rada, ila yake imekusudiwa kuona ndege. Katika vituo vingi mwangwi wa mvua huchujwa ili usifunike alama za ndege. Hata pale ramani ya mvua inapoonyeshwa, picha hiyo huweza kuwa imepitwa na wakati kwa dakika kadhaa, na dhoruba haingoji. Basi mmoja anaona wingu bila kuona vyema ndege zote zilizo jirani, na mwingine anaziona ndege pasipo kuliona wingu.

Kinachowaunganisha ni maneno. Rubani hutaja upande anaotaka kukata, kwa maili ngapi, na anapotarajia kurudi njiani. Kadiri anavyoomba mapema, ndivyo mwongoza ndege anavyopata nafasi ya kusogeza wengine. Ndege ya kwanza ikishapata upenyo, zinazofuata huomba upenyo huo huo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mwongoza ndege anaweza kukataa kwa sababu ya ndege nyingine. Hata hivyo, rubani mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wa ndege yake, na anaweza kutangaza dharura.

Pasipo rada

Juu ya bahari, na katika sehemu kubwa za anga la Afrika, ndege zimekuwa zikitenganishwa kwa taarifa za mahali na saa zinazotolewa na marubani. Huko jibu huweza kuchelewa. Marubani wanaopita juu ya Afrika hutangaziana wenyewe mahali walipo kwenye masafa ya 126.9, desturi ambayo wengi huiamini kuliko redio za masafa marefu zenye mikwaruzo.

Kibali kisipopatikana kwa wakati, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinamruhusu rubani kukata bila kibali. Huwasha taa za nje, huwatangazia walio jirani, na afikapo maili 5 kutoka njia yake hubadili kimo kwa futi 300. Anayeelekea mashariki hushuka akikata kushoto, na hupanda akikata kulia. Anayeelekea magharibi hufanya kinyume chake. Futi 300 si nyingi, lakini humtoa katika kimo ambacho ndege nyingine imepangiwa, wakati mwongoza ndege akiendelea kutafutwa redioni.