Jeni Zilezile, Tishu Tofauti: Historia Fupi ya Utafiti wa Vimeng'enya na Hariri katika Kiwavi wa Hariri, 1964–2008

Ufugaji wa viwavi wa hariri, ulioanza China maelfu ya miaka iliyopita, una kanuni moja ambayo kila mfugaji huijua: bundo aliyemo ndani ya kifukofuko huuawa kabla hajageuka nondo. Kifukofuko hufumwa kwa uzi mmoja mrefu ulioshikizwa kwa gundi. Nondo akiachwa atimize siku zake, huilainisha gundi hiyo, hupenya na kutoka. Kifukofuko kinachobaki na tundu hakiwezi tena kufumuliwa kuwa uzi mmoja usiokatika. Ndiyo maana vifukofuko hupitishwa katika joto au mvuke mapema. Wafugaji walilijua tatizo hili kwa uzoefu, lakini hawakujua ni kitu gani hasa kinachoilainisha gundi, wala kinatengenezwa wapi mwilini. Insha hii inafuatilia namna swali hilo la shambani lilivyokutana na swali pana la kibiolojia: ikiwa seli zote za mwili mmoja zimerithi jeni zilezile, kwa nini tishu moja hutengeneza kitu ambacho tishu nyingine haikitengenezi?

Kabla ya hapo, kiwavi wa hariri alikuwa tayari ameingia katika maabara. Mwaka 1865 Louis Pasteur alipelekwa kusini mwa Ufaransa kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiangamiza viwavi. Mwaka 1906 Kametaro Toyama wa Japani alichapisha ushahidi kwamba kanuni za urithi za Mendel zinafanya kazi kwa mdudu huyu. Kazi hizo zilihusu uhai wa kiwavi na urithi wa sifa zake. Namna jeni zinavyotumika ndani ya kila tishu ilikuwa bado haijaguswa.

Hatua ya kwanza ilihusu kimeng'enya chenyewe. Mwaka 1964 Fotis Kafatos na Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jinsi baadhi ya nondo wanavyotoka katika vifukofuko vyao. Walichunguza nondo wakubwa wa mwituni walio jamaa ya yule wa mforsadi, akiwemo Antheraea polyphemus. Kimeng'enya kilichohusika, kilichoitwa kokunasi, hutengenezwa na seli za kiungo kidogo cha mdomoni na kukaukia hapo. Nondo anapokuwa tayari kutoka, tezi nyingine hutoa majimaji yenye bikaboneti ya potasiamu, na kimeng'enya huyeyuka humo. Mchanganyiko huo humeng'enya serisini, yaani gundi, lakini huiacha fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe. Mwaka 1967 Kafatos na wenzake walionyesha kwamba kokunasi inafanana na tripsini, kimeng'enya cha kongosho. Ikabainika pia kwamba seli hizo huitoa kwanza katika umbo lisilofanya kazi, na huamshwa baadaye. Kwa hiyo, kuwapo kwa zao la jeni katika tishu hakukutosha kuonyesha kwamba kazi ya kimeng'enya imekwisha kuanza.

Hatua ya pili ilihusu hariri, ambayo si kimeng'enya, lakini ndiyo iliyotoa jibu ambalo vimeng'enya vilikuwa vikilisubiri. Sehemu ya nyuma ya tezi ya hariri hutengeneza fibroini kwa wingi mno katika siku za mwisho za kiwavi. Dhana iliyokuwa jirani ni kwamba seli za tezi huongeza nakala za jeni ya fibroini pekee. Dhana hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mwaka 1968 Donald Brown na Igor Dawid walikuwa wameonyesha kwamba mayai machanga ya chura huzidisha hasa jeni za RNA ya ribosomu. Mwaka 1972 Yoshiaki Suzuki na Brown, katika Taasisi ya Carnegie huko Baltimore, walifanikiwa kutenga RNA mjumbe ya fibroini, kisha pamoja na L. Patrick Gage wakaitumia kuhesabu jeni zake. Matokeo yaliikanusha dhana. Ni kweli kwamba seli za tezi hurudufu DNA yake mara nyingi bila kugawanyika, lakini hurudufu jenomu nzima. Uwiano wa jeni ya fibroini kwa DNA yote ni uleule uliomo katika tishu zisizotengeneza hariri. Tofauti ya tishu ikawa imo katika kusomwa kwa jeni.

Hatua ya tatu ilikuja baada ya jenomu ya kiwavi wa hariri kuchapishwa mwaka 2004 na watafiti wa China na Japani. Utomvu wa mforsadi una alkaloidi zinazofanana na sukari, ambazo huzuia vimeng'enya vya kumeng'enya sukari na kuwadhuru wadudu wasiouzoea mti huo. Mwaka 2008 Takaaki Daimon na wenzake walieleza jeni mbili, BmSuc1 na BmSuc2, za aina ya kimeng'enya ambayo ilikuwa haijawahi kutambuliwa katika mnyama yeyote na ambayo alkaloidi hizo haziizuii. BmSuc1 ilidhihirika kwa wingi katika utumbo wa kati na katika tezi ya hariri. Udhihirikaji wa BmSuc2 haukuonekana, ingawa jeni yenyewe imo katika jenomu. Katika utumbo, kazi ya BmSuc1 ilieleweka kwa urahisi: kumeng'enya sukari ya jani lenye sumu.

Zikisomwa pamoja, hatua hizi tatu zinaonyesha kwamba watafiti walipima vitu vitatu tofauti: utendaji wa kimeng'enya, idadi ya jeni pamoja na RNA yake, na orodha ya jeni zote. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kusimama badala ya kingine. BmSuc2 ipo lakini haikuonekana ikisomwa. Kokunasi husomwa na kutengenezwa, kisha husubiri kuamshwa. Mtafiti wa leo anayepima RNA mjumbe ya tishu na kuhitimisha moja kwa moja kwamba kimeng'enya kinafanya kazi humo anadai zaidi ya ushahidi alionao.

Historia hii inaeleza pia kanuni ya mfugaji. Bundo anayeingizwa katika mvuke alizaliwa na jeni ya kokunasi, kama alivyokuwa nayo akiwa kiwavi anayekula majani. Kinachofanya mfugaji awahi ni wakati: zimebaki siku chache tu kabla kimeng'enya hicho hakijafika kwenye gundi.