Masango na Moto: Elimu ya Joto katika Viunga vya Eyasi

Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Pangani waliokwenda Umasaini walijua kwamba nguo na shanga peke yake hazitoshi kuwafungulia njia. Walipakia pia masango, yaani waya mnene wa chuma na wa shaba, uliokunjwa mizingo mizingo na kubebwa mabegani na wapagazi. Joseph Thomson alipoivuka nchi ya Wamasai mwaka 1883, akiandamana na mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliwakuta wanawake waliojizungushia waya huo mikononi na miguuni hadi uzito wake ukawabadilisha mwendo. Waya wa pwani ulikuwa ushuru, pambo na mali kwa wakati mmoja.

Mwaka 1892 msafara mwingine ulitoka Tanga chini ya Oscar Baumann, yule Mwaustria ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa nchi yake hapa Unguja. Mwezi wa Machi aliteremka katika kreta ya Ngorongoro, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuiona, na katika safari hiyo hiyo alilifikia Ziwa Eyasi. Aliwakuta Wamasai wakiwa hoi kwa njaa, kwani sotoka ilikuwa imekwisha kuwafyeka ng'ombe wao. Kumbukumbu za safari kama hizo zimehesabu milima, maziwa na mizigo. Yule aliyeupokea waya, akautia motoni na kuupa umbo jipya, ametajwa kwa nadra.

Huyo ni mhunzi. Miongoni mwa Wamasai wahunzi huitwa Ilkunono, na kwa dahari walitengwa: mikuki na visu vyao vilitakiwa, mabinti zao hawakuposwa. Kwa Wadatoga, ambao waliishi nyanda za juu za Ngorongoro kabla ya Wamasai kuwasukuma kusini katika karne hiyo ya 19, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga, nao wameoana wao kwa wao. Jamii iliutamani upanga na kumwepuka aliyeufua. Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende. Na hao waliomdharau mhunzi wasingeweza kwenda vitani wala machungani siku moja bila ya kazi ya mkono wake.

Wahunzi hao wangaliko hadi leo pande za Mang'ola, kandokando ya Eyasi, katika wilaya ya Karatu. Masango ya misafara yamekwisha, lakini mhunzi hakukosa malighafi: misumari, kufuli mbovu na mabomba ya maji yaliyotupwa huingia motoni, yakatoka vichwa vya mishale, visu na bangili. Vyombo vyake ni vichache: mivukuto ya ngozi ya mbuzi, makaa, koleo, nyundo na kipande cha chuma kizito kilicho badala ya fuawe. Hana kipimajoto. Elimu yake yote imo machoni na mkononi.

Tena elimu hiyo si ndogo. Chuma kinapopata moto huanza kwa wekundu wa giza, kikafikia wekundu wa cheri, kisha rangi ya chungwa na manjano. Mwenye kukifua kabla ya wakati hukipasua, na mwenye kukiacha kipite mpaka hukiunguza. Shaba ya manjano ni ngumu zaidi kuilea, maana ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu za Selsiasi, na zinki nayo huchemka kwenye nyuzi 907. Moto ukizidi kidogo, zinki hutoroka kwa moshi mweupe: shaba hupungua ubora na kifua cha mhunzi huumia. Kwa hiyo yule anayevukuta hatafuti moto mkali tu. Hutafuta kiasi, na kiasi hicho hukisoma katika rangi ya makaa, ya chuma na ya moshi.

Vichwa vya mishale vya Wadatoga huwafikia majirani zao Wahadzabe, ambao kwa desturi huvilipa kwa asali na nyama. Wahadzabe wanacho chombo chao cha moto: kiko cha jiwe laini, kilichochongwa kikanyooka mithili ya mrija. Watu wa mwambao walilitatua jambo hilo hilo kwa njia nyingine, wakaupitisha moshi wa buruma katika maji ili upoe kabla ya kufika kinywani. Jiwe huku, maji kule; swali ni moja, nalo ni jinsi ya kuutawala moto ulio karibu na mdomo.

Swali hilo limerudi katika zama zetu kwa sura ya sigara ya kielektroniki, iliyobuniwa na Mchina Hon Lik mwaka 2003 na sasa kuonekana hata katika miji ya Afrika ya Mashariki. Ndani ya tangi lake dogo mna mzingo wa waya uliovishwa pamba yenye majimaji. Umeme hupita, waya hupata moto, majimaji hugeuka mvuke. Waya uliozoeleka ulikuwa nikromu, aliyoipatia hataza Albert Marsh huko Marekani mwaka 1906. Sifa yake ni kwamba ukinzani wake wa umeme haubadiliki sana kwa joto. Kwa jiko ni sifa njema. Kwa mwenye kutaka kujua joto lenyewe ni ububu. Pamba ikikauka, waya huzidi kuwaka bila ya kutoa habari, na mtu huvuta moshi wa pamba iliyoungua.

Mnamo mwaka 2014 vilienea vyombo vinavyotumia waya wa nikeli, ambao ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja. Mzingo wenye omu 0.10 kwenye nyuzi 20 hufikia omu 0.22 hivi kwenye nyuzi 220. Chombo husoma badiliko hilo na kupunguza umeme. Mwenye kuuzungusha mzingo wake wa kwanza hufundishwa mambo mawili: mapindo yasigusane, na kipimo cha mwanzo kichukuliwe waya ukiwa umepoa kabisa. Akipima ukiwa na joto, hesabu yote hupotoka na moto huzidi pasipo kujulikana. Wala usahihi huo hauiondoi nikotini, ambayo humfunga mtumiaji kama ilivyowafunga wavutaji wa kiko na buruma.

Mzingo huo wa nikeli huuzwa kwa jina la maendeleo, na aliyeubuni huitwa mtaalamu. Mhunzi wa Eyasi, ambaye kwa vizazi ameisoma lugha ya metali iliyo motoni na kujua ni wapi pa kukoma, ameitwa mtu wa mkosi. Wageni wanaopita Karatu kwenda Ngorongoro humnunulia bangili, wakampiga picha na kuondoka. Bangili hiyo ni hati. Imeandikwa ndani yake kiasi cha moto ambacho hakikupunguka wala kuzidi, na jina la aliyekipima halimo.