Talaka Mlimani: Mbuzi, Kosa na Jasho

Kabla Waingereza hawajajenga boma lao Nyeri mwaka 1902, ndoa iliyovunjika kwenye miteremko ya Mlima Kenya ilimalizwa kwa hesabu ya mifugo. Mume alikuwa ametoa ruracio, yaani mahari, kwa wazazi wa mke, na kondoo wa ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa, alikuwa amechinjwa mbele ya koo mbili. Mambo yakiharibika, wazee wa kiama, baraza la jadi, waliketi wakasikiliza pande zote, wakajaribu kwanza kupatanisha. Wakishindwa, swali likawa ni mbuzi wangapi warudi. Na mbuzi wenyewe wako wapi? Wengine walishaliwa, wengine walishatolewa tena ili kaka wa binti naye aoe. Ndiyo maana wazazi wengi walikuwa na kila sababu ya kumsihi binti arudi kwa mumewe.

Mfumo huo usisifiwe kupita kiasi. Mwanamke alisemewa na baba au kaka zake, na watoto walihesabiwa kuwa wa upande uliotoa ruracio.

Wakoloni waliigawa ndoa mafungu. Waliofunga ndoa kanisani, kama waumini wa misheni za Tumutumu na Mathari, walisimamiwa na sheria zenye asili ya Uingereza. Waliooana kwa mila walibaki mikononi mwa mabaraza ya wenyeji, yaliyowekewa sheria mpya mwaka 1930, yakageuzwa kuwa Mahakama za Waafrika mwaka 1951, kisha yakafutwa mwaka 1967. Majirani wawili wa Karatina, wanaochota maji mto mmoja, wangeweza kuachana kwa sheria mbili tofauti kabisa.

Kwa wale wa kanisani, mbuzi hawakuwa hoja tena. Hoja ilikuwa kosa. Mmoja alikuwa mlalamishi, mwingine mlalamikiwa, na bila kuthibitisha uzinzi, ukatili au kutelekezwa, hakimu hakuwa na la kufanya. Watu wawili waliochokana tu hawakuwa na mlango wa kutokea. Ilibidi mmoja apakwe matope.

Hakuna aliyeyaonja hayo hadharani kama binti wa Ihithe, Nyeri, Wangari Maathai. Alikuwa profesa mshiriki wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mama wa watoto watatu mumewe, mbunge Mwangi Mathai, alipomshtaki. Kesi ilisikilizwa Nairobi mwaka 1979 huku waandishi wa habari wamejaa. Alidaiwa uzinzi na ukatili, akakana, akashindwa. Baadaye aliliambia jarida la Viva kwamba jaji aliyeamua hivyo ama hakuijua kazi yake ama alikuwa fisadi. Kwa maneno hayo alipatikana na hatia ya kudharau mahakama, akahukumiwa kifungo cha miezi 6, akaachiliwa baada ya siku 3. Mume alipomtaka aache kutumia jina lake, aliongeza herufi moja: Mathai likawa Maathai. Sheria iliyomlazimisha mke na mume kuvuana nguo mbele ya umma ili tu waachane ilikuwa sheria katili, na iliendelea kutumika kwa miaka 35 zaidi.

Pembeni ya kosa palikuwa na jambo zito zaidi kwa wanawake wa mlimani: shamba. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, vipande vya ardhi vya Nyeri viliunganishwa na kupimwa chini ya mpango wa kikoloni wa Swynnerton, na hatimiliki nyingi zikaandikwa majina ya wanaume. Mke akachuma chai na kahawa miaka 30 kwenye ardhi ambayo, kwa karatasi, hakuwa na hata futi moja. Akidai sehemu yake, mahakama ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ikasisitiza, katika kesi ya Echaria, kwamba kuwa mke pekee hakutoshi. Sharti aonyeshe alichochangia katika kununua mali.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ndiyo iliyoleta neno mchango kwa maana pana: kupika, kulea watoto, kulima, kuendesha biashara ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka uliofuata ikaruhusu talaka kwa sababu ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Ndoa ya kimila nayo ikapata hadhi sawa na nyingine, na wanaoachana wanaweza kupitia kwanza usuluhishi wa wazee kabla ya kufika kortini. Kuhusu watoto, Katiba ya 2010 inawabebesha baba na mama jukumu sawa, na maslahi ya mtoto hutangulia.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi kugawana mali nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja hupata kulingana na mchango uliothibitishwa. Kwa mke wa Othaya ambaye pesa za majani chai huingia akaunti ya mumewe, uthibitisho huo hutafutwa kwenye stakabadhi za karo, ujumbe wa simu wa pesa alizotuma, na majirani walio tayari kusimama kizimbani kusema ni nani walimwona shambani alfajiri.