Raia wa tajnisi na mlango wa Ikulu

Nimerudi chuoni salama. Begi bado halijafunguliwa, bumu halijaingia, na test ni wiki ijayo. Lakini kuna jambo nimerudi nalo kutoka Kilosa na Mikumi nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na lazima niliandike kabla sijaanza kukimbizana na madesa. Nalo ni hili: mtu aliyepewa uraia, yaani raia wa tajnisi, aruhusiwe kugombea urais wa nchi hii au asiruhusiwe?

Najua wengi mmeshasema "hapana" kabla sijamaliza sentensi. Subirini kidogo, twende taratibu.

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 39, inasema mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe amependekezwa na chama cha siasa, na mengineyo. Ukija Ibara ya 67 inayohusu wabunge, neno "kuzaliwa" halimo. Awe raia tu, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Na kwa kuwa Waziri Mkuu anatoka kwa wabunge wa majimbo, maana yake raia wa tajnisi anaweza kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania! Kusimamia shughuli za serikali kila siku anaaminiwa, kuingia Ikulu haaminiwi.

Sheria ya Uraia ya 1995 nayo inatugawa makundi matatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Wa kurithi ni aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi Mtanzania. Sasa wanaoijua barabara ya Kilosa kwenda Mikumi wanajua kuna kata inaitwa Ulaya. Chukua akina mama wawili, wote wa Kilosa. Mmoja kajifungulia Ulaya hii yetu, mwingine yuko masomoni, kajifungulia Ulaya ile ya baridi. Mtoto wa kwanza anaweza kuwa rais. Wa pili, kwa jinsi sheria inavyosomeka, ni raia wa kurithi, kwa hiyo mlango umefungwa. Ukoo mmoja, Ulaya mbili, teh teh!

Kwa nini nimeanza kufikiria haya? Siku moja tukiwa kwenye mada ya uraia, kijana wa kidato cha pili alisimama. Babu yake alikuja kutoka Burundi enzi za mkoloni kukata mkonge Kimamba, akaoa hapo, akazeekea hapo. Baba mtu na yeye mwenyewe wote wamezaliwa hapo Kimamba, miaka mingi baada ya Muungano. Akauliza, "Mwalimu, na mimi ninaweza kuwa rais?" Darasa likaangua kicheko, na mmoja nyuma akamwita mkimbizi. Nikamwambia kwa sheria ilivyoandikwa, aliyezaliwa nchini baada ya Muungano ni raia wa kuzaliwa, ukiacha wachache kama watoto wa mabalozi wa nje. Kwa hiyo yeye anaweza. Babu yake ndiye asingeweza.

Kicheko kile kilinifanya nirudi kwenye historia. Kumbe wazee walishabishana zamani.

Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, tena wa TANU, walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, Wahindi na Wazungu baadaye. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwaka. Alifananisha hoja hizo na za Hitler, na akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Muswada ukapita. Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja. Ambaye wazazi wote wawili walizaliwa nje, ilibidi ajiandikishe. Shikeni hicho kipengele, tutakihitaji mbele.

Matunda ya msimamo ule yalionekana haraka. Derek Bryceson alikuwa Mwingereza aliyezaliwa China mwaka 1922, rubani wa vita kuu ya pili, akaja huku kulima miaka ya 1950. Akachukua uraia wetu, akawa waziri wa afya na wa kilimo kwa nyakati tofauti, na katika uchaguzi wa 1965 alimshinda mgombea Mwafrika kwa kura za Waafrika. Mwaka 1972 akawa mkurugenzi wa hifadhi za taifa, Mikumi ikiwemo. Amir Jamal, mwenye asili ya India, alizaliwa Mwanza, akawa mbunge wa Morogoro na waziri wa fedha kwa miaka mingi. Wapiga kura wa wakati ule, wengi hata shule hawakupita, waliweza kupima mtu kwa kazi yake. Sisi wa chuo kikuu tunashindwa nini?

Sasa rudini kwenye kile kipengele. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Mmoja alikuwa balozi wetu nje. Mwingine ni Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Ulimwengu ikabidi aombe uraia, akapewa. Mtu kalitumikia taifa miaka na miaka, halafu utu uzimani anageuka raia mpya, na mlango wa Ikulu ndio umefungwa hivyo!

Zambia walifika mbali zaidi. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mzee aliyeongoza nchi tangu 1964 hadi 1991 akazuiwa kugombea. Mwaka 1999 mahakama ikatamka kabisa kwamba hana uraia, uamuzi ambao haukudumu. Kipengele cha kuzuia wageni kikamkamata baba wa taifa lao.

Upande wa pili nao una hoja, tusiubeze. Eneo letu la Maziwa Makuu lina vita na majirani wenye maslahi yao, na amiri jeshi mkuu si cheo cha kujaribia. Halafu kuna jambo la kisheria: uraia wa tajnisi unaweza kufutwa na waziri, wa kuzaliwa haufutwi. Fikiria rais anayeweza kuvuliwa uraia na waziri aliyemteua mwenyewe! Hilo halikwepeki.

Lakini linarekebishika. Kenya, kwa katiba yao ya 2010, mbunge awe amekuwa raia kwa miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi. Sisi tungeweza kusema miaka 20 kwa urais, Kiswahili kiwe lazima, na akishavuka miaka hiyo uraia wake usifutwe ila na mahakama. Baada ya hapo tuwaachie wapiga kura. Mimi kura yangu anaweza asiipate, ila asizuiwe kuniomba. Mobutu alizaliwa Lisala, Kongo kabisa, na tunajua aliiachaje nchi yake.

Jamani, hili si suala la mtu mmoja mwenye ndoto ya Ikulu. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wetu baada ya kuukana wa Burundi. Kwao ni hapa tu, hawana pengine. Na Kilosa wanajua uzito wa maneno haya. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ugomvi ulikuwa wa ardhi na malisho, lakini bado utasikia watu wakiitana "wenyeji" na "wageni" wakati wote ni Watanzania. Tukizoea kupima nani raia zaidi ya mwenzake kule juu, huku chini tutapimana kwenye mashamba na madarasani.

Mjadala wa katiba mpya ukirudi, wengi watabishania serikali mbili au tatu. Naomba neno "kuzaliwa" katika Ibara ya 39 nalo liwekwe mezani.

Naomba kutoa hoja. Alamsiki wadau, desa linaniita.