Nani Aliufunga Mji wa Jarrow?

Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 husimuliwa kana kwamba ulikuwa gharika: ulikuja, ukasomba ajira, ukapita. Kwa Jarrow, mji ulio kando ya mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, maelezo hayo hayatoshi. Tangu Charles Mark Palmer aanzishe kiwanda chake mwaka 1852, mji huo uliishi kwa kuunda meli. Mdororo uliwanyima wana Jarrow oda za meli. Kiwanda chenyewe walinyang'anywa kwa uamuzi wa watu.

Kwamba hali ilikuwa mbaya halina ubishi. Mwaka 1930 viwanda vya Uingereza vilishusha majini meli za zaidi ya tani milioni 1.4, mwaka 1933 ni takriban tani 133,000 tu. Meli ya mwisho ya Palmer, manowari Duchess, ilishushwa mwaka 1932. Miaka miwili baadaye kiwanda kilinunuliwa na National Shipbuilders Security, kampuni iliyoundwa mwaka 1930 na wenye viwanda wenyewe, chini ya Sir James Lithgow, ili kununua viwanda vya wenzao na kuvifunga. Eneo la Jarrow likawekewa sharti: lisiundiwe meli kwa miaka 40. Wauzaji walipata bei yao, na wenye viwanda vilivyosalia wakapunguziwa mshindani. Wapiga ribiti na mafundi wa mabamba hawakuwa na fungu katika hesabu hiyo. Walibakiwa na posho ya wasio na kazi, ambayo tangu 1931 ilitolewa baada ya kupekua kipato cha nyumba nzima, hata ujira wa mtoto aliyepata kibarua.

Watetezi wa mpango huo husema viwanda vilikuwa vingi kuliko meli zilizohitajika, na kuvifunga baadhi kuliviokoa vingine. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaeleza kwa nini kiwanda kifungwe, haielezi kwa nini kizuiwe kufufuka kwa miaka 40. Wala si kweli kwamba serikali haikuwa na la kufanya. Mwaka huohuo wa 1934 iliidhinisha mkopo uliowezesha kazi kuendelea Clydebank kwenye meli Queen Mary, iliyokuwa imesimama tangu Desemba 1931. Atakayejibu kwamba mkopo ule ulitolewa kwa masharti, kampuni za Cunard na White Star ziungane kwanza, atakuwa ameniongezea ushahidi: serikali iliyoweza kuwawekea masharti wenye meli ingeweza pia kuwataka wafunga viwanda wawatengee fungu wafanyakazi.

Oktoba 1936 wanaume 200 wa Jarrow walikwenda London kwa miguu, wakiungwa mkono na mbunge wao, Ellen Wilkinson, kupeleka ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 11,000. Waziri Mkuu Baldwin alikataa kuwaona. Wapo wanaoyaita matembezi hayo kazi bure, kwa kuwa hayakuwapatia ajira. Lakini wanaume hao hawakuomba sadaka, waliomba kazi, na kwa kuomba hivyo waliitaka serikali ikiri kuwa suala lao ni la kuamuliwa, si la kuvumiliwa. Popote sekta inapopangwa upya, gharama za wanaoachishwa kazi ziandikwe katika mkataba uleule unaomlipa mwenye kiwanda.